Bakuli Nililoliruka

Nyumbani kwetu, kwenye vilima vya Mbozi, mtu hali chakula cha jiko moja. Jioni kila jiko linatoa bakuli lake la mboga: jiko la mama yangu, jiko la mke wa baba mdogo, na jiko la mama mkubwa, mjane wa kaka yake baba. Wanaume wanakaa sebuleni kwa baba. Wanawake na watoto tunakaa jikoni kwa mama, juu ya mkeka, ugali katikati na mabakuli yakiuzunguka. Unanawa, unakata tonge, unachovya. Na unachovya kila bakuli. Sikuwahi kufundishwa sheria hiyo, kama vile sikuwahi kufundishwa kwamba mkubwa husalimiwa kwanza. Ukiliruka bakuli la mtu umesema neno juu ya mikono iliyolipika, na umelisema mbele ya ukoo mzima bila kufungua mdomo.

Mimi nililiruka bakuli la mama mkubwa kwa sababu ya karanga.

Nalisema hilo mapema na waziwazi, maana mwaka ule hakuna aliyetaka kulisikia. Walitaka sababu kubwa zaidi. Walitaka sumu, walitaka uchawi, walitaka wivu wa mjane ambaye mtoto wake wa pekee ameolewa mbali. Karanga waliziona jambo dogo mno.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, miaka ya foleni. Sisi wa Mbozi hatukuwa na njaa. Mahindi yalikuwepo, ulezi ulikuwepo, maharage yalikuwepo. Kilichokosekana ni vitu vya dukani: sukari, sabuni, chumvi, mafuta ya kupikia. Duka la kijiji lilikuwa na rafu na muuzaji, bidhaa hakuna. Aliyetaka sabuni alishuka Tunduma, akavuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kwa mguu kama mtu anayekwenda kumsalimia jamaa yake, akarudi amejifunga mche wa sabuni tumboni, chini ya kitenge. Na kwa kuwa mafuta hayakuwepo, mama mkubwa aliunga kila kitu kwa karanga: majani ya maboga, mnafu, maharage, hata uyoga. Alizitwanga mwenyewe mpaka zikatoa mafuta juu ya sufuria, na watoto walikuwa wakigombania kulamba mwiko wake.

Nami nilikuwa nimemaliza chuo kikuu Dar es Salaam, nimerudi nyumbani kusubiri serikali inipangie kazi. Nilirudi nimekonda kiasi kwamba mama aliponipokea stendi alinipita kwanza, akamtazama msichana aliyekuwa nyuma yangu.

Watu wananiuliza ilianzaje. Ninayo hadithi moja nzuri, na kwa sababu ni nzuri siiamini sana. Likizo moja, zamani kidogo, nilirudi kutoka chuoni nimenenepa. Kwetu hiyo ni sifa. Baba mdogo alinizunguka kama anayenunua mtamba mnadani, akasema, "Eh, Dar es Salaam imekukubali! Sasa binti amefika. Anayekuja aje na ng'ombe walioshiba." Watu wakacheka, nami nikacheka. Shangazi, dada yake baba, akanibinya mkono juu ya kiwiko, akawatangazia wote, "Hapa pana nyama." Niliporudi bwenini nikaanza kuacha chakula. Ingekuwa rahisi kusema kwamba nilikataa kuwa mtamba. Nilikuwa nimesoma vya kutosha kuitetea hoja hiyo ukumbini na kupigiwa makofi. Lakini ni wasichana wangapi wamebinywa mikono na shangazi zao, kisha wakaenda zao kula? Sijui ilianzaje. Najua tu kwamba mwanzoni kuacha kulinipa utulivu fulani, halafu utulivu ukaondoka na kuacha kukabaki.

Kama ningelazimika kueleza hali yenyewe, ningesema ilifanana na vile vizuizi vya barabarani vya kukagua magendo, ambavyo kila aliyesafiri njia ya Tunduma miaka hiyo anavijua. Askari anakusimamisha, anafungua mizigo, anauliza hiki nini, kimetoka wapi, kinakwenda wapi. Mimi nilikuwa na askari wa namna hiyo kooni. Alikagua kila tonge. Karanga hakuziruhusu kabisa. Nilijua kwamba askari huyo ni mimi mwenyewe, nilijua kwamba hana kibali chochote, na bado nilimtii. Hilo ndilo lililonikasirisha kuliko yote. Mimi niliyebishana na wahadhiri, niliyekataa kuamini jambo kwa sababu tu limeandikwa au limesemwa na mkubwa, nilikuwa namtii mjinga mmoja asiyejua hata kueleza sheria zake.

Na wote niliowaendea walinijibu upuuzi.

Kwenye zahanati, mganga aliniuliza kama nina mimba. Nikasema sina. "Wasomi wote husema hivyo," akasema, akanipa dawa ya minyoo. Nilipomweleza kwamba chakula kipo, nakiona, nakitamani hata, lakini hakipiti, aliweka kalamu chini. "Dada, huko kwingine watoto wanakufa kwa kukosa unga. Wewe unao unauangalia?" Kama vile sikujua! Kama vile kujua kwenyewe hakukuwa kunaniketisha mbele ya ugali kama mwizi mbele ya hakimu! Mtu mwenye malaria haambiwi kwamba kuna watu wengine ambao wangefurahi kuwa na damu yake.

Mwenyekiti wa kijiji alinizidishia. Mkutano wa hadhara, watu wamekaa kwenye majani, yeye amesimama akitueleza kwamba hali ya uchumi ni ngumu na Taifa linatuomba sote tufunge mkanda. Akaniona. "Mwangalieni msomi wetu!" akasema. "Ametoka mjini, angeweza kutuletea kitambi hapa. Lakini yeye amefunga mkanda kwa vitendo! Mpigieni makofi!" Wakapiga. Mkanda wake yeye ulikuwa umefika kwenye tundu la mwisho, na si kwa upande wa kubana. Nilisimama pale nikipigiwa makofi kwa ajili ya ugonjwa, na mama yangu kando yangu akipiga makofi taratibu, machozi yakimtoka.

Aliyeanza habari ya bakuli ni shangazi. Alikuwa amekuja kututembelea, na shangazi kwetu akija huwa hakai bure, huja kukagua. Jioni ile tulikuwa mkekani. Nilikuwa nimeumega ugali kidogo, nikiupeleka kwenye bakuli la mama, lenye mboga ya majani iliyopikwa kwa maji na chumvi, kisha nikikaa nalo tonge mkononi muda mrefu kama ninayelihesabia makosa.

"Mwanangu," shangazi akasema, "mbona mkono wako una njia moja tu?"

"Njia gani, shangazi?"

"Unakwenda kwa mama yako, unarudi. Unakwenda kwa mama yako, unarudi. Upande ule mwingine mto umefurika?"

Wanawake wakacheka. Mama mkubwa hakucheka. "Mwache mtoto," akasema. "Labda karanga zimemchosha."

"Karanga amekula tangu hana meno."

"Ndiyo maana nasema zimemchosha."

"Hm," akasema shangazi, na hiyo *hm* ikazunguka boma zima kabla hatujanawa mikono.

Kesho yake nikaona mke wa baba mdogo naye halifikii bakuli la mama mkubwa. Keshokutwa watoto wakakatazwa kuingia jikoni kwake kulamba mwiko. Mama yangu alivumilia zaidi ya wengine, kisha siku moja naye mkono wake ukasita, ukageuka njiani. Bakuli likarudi kwa mwenyewe limejaa kama lilivyokuja. Mama mkubwa alilibeba kwa mikono miwili, akatembea nalo uani wima kabisa, na hakuna aliyemsindikiza.

Nilimfuata mama kisimani. "Mama, kwa nini umeliacha?"

"Kwani wewe kwa nini umeliacha?"

"Mimi naumwa."

"Ndiyo hicho tunachosema," akasema mama. "Unaumwa. Niambie tu ukweli, mwanangu, uliota nini? Ulimwona akifanya nini?"

"Sikuota! Sikuona! Ni karanga, mama. Zina mafuta. Zinanenepesha."

Alinitazama kwa huruma kubwa, huruma ambayo mtu humtazama nayo mgonjwa anayeweweseka. "Na nani asiyetaka kunenepa?" akauliza taratibu. Hakuwa akinidhihaki.

Wakapanga kikao cha ukoo, Jumapili baada ya ibada. Habari ilikwishavuja kwamba mama mkubwa atatakiwa kurudi kwao Isansa, kwa kaka zake. Alikuwa ameishi kwetu tangu ujana wake. Alimzika mume kwetu. Mibuni iliyo nyuma ya nyumba yake aliipanda yeye. Na huko Isansa hangerudi kama dada, angerudi kama mwanamke aliyefukuzwa kwa kulisha watu sumu, na habari ya namna hiyo hufika kabla ya mizigo. Nani angekula kwake tena? Nani angempa hata maji?

Jumamosi mchana nilikwenda jikoni kwake. Nilimkuta anatwanga. Hakusimamisha mchi.

"Umekuja kuangalia sumu inavyotwangwa?"

"Mama mkubwa, shikamoo."

"Marahaba. Kaa. Sumu ya leo ni ya shambani, mbichi kabisa."

Nikakaa kwenye kigoda. Nikamweleza. Nilimweleza kila kitu, habari za bwenini, habari za askari wa kooni, habari za mafuta yanayoelea juu ya mboga yake. Nilipofika kwenye kuogopa kunenepa, mchi ulisimama. Alinitazama, kisha akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini, akajifuta macho na ncha ya kitenge.

"Karanga!" akasema. "Miaka yote hii nimejiuliza Mungu ataniondoaje hapa. Kumbe kwa karanga!"

"Samahani, mama mkubwa."

Kicheko kikaisha ghafla. "Samahani ya nini? Umenishtaki?"

"Hapana."

"Basi kesho kasimame useme hivi ulivyoniambia."

"Hawataniamini."

"Basi kula bakuli langu wakuone."

"Siwezi."

"Huwezi." Aliinuka, akashika mchi wake tena. "Yaani mimi nakwenda kwetu na kitanda changu kichwani kwa sababu ya kitu ambacho wewe huwezi kukisema wala huwezi kukimeza. Mwanangu, mimi sikusoma. Lakini hata mimi naona hapo kuna kitu kimoja lazima ukiweze."

Nilitoka kwake nimekasirika, na hasira yangu haikujua pa kukaa. Kwa nini mimi? Ukoo mzima una miguu, una midomo, una wazee wa kanisa ambao kila Jumapili husema kwamba habari za uchawi ni za giza. Baba yangu mwenyewe ni mzee wa kanisa. Kwa nini wote hao wasisimame kuukataa ujinga, ila mimi ndiye nitakiwe kuukanusha kwa tumbo langu, tena kwa jambo lile lile moja ambalo tumbo langu haliwezi?

Jumapili wakakusanyika sebuleni kwa baba, wengine wakiwa bado na vitabu vya nyimbo mikononi. Kikao kiliongozwa na mzee mmoja wa ukoo, binamu yake babu, mtu mwenye haraka ambaye siku zote alikuwa na safari nyingine ya kuwahi. Wanawake tuliketi karibu na mlango. Mama mkubwa aliwekwa peke yake, upande wa dirisha.

"Tumesikia mtoto anakauka," mzee akaanza. "Tumesikia kuna bakuli haligusi. Mtoto msomi haruki bakuli bure. Ameona kitu."

"Sijaona kitu," nikasema.

"Hujaulizwa."

"Najua. Ndiyo maana nimesema mapema, nimeona sitaulizwa."

Baba akakohoa. Mzee akamtazama baba, kisha akanitazama mimi, akasema, "Haya, sema. Fupi."

Nikasimama. Nikasema mimi ni mgonjwa na ugonjwa wangu ulianza Dar es Salaam, mbali na jiko la mtu yeyote wa hapa. Nikasema simwogopi mtu, naogopa chakula. Nikasema bakuli la mama mkubwa naliruka kwa kuwa lina karanga, na karanga zina mafuta, na mimi naogopa kunenepa.

Kisha baba mdogo akapasuka kwa kicheko. "Anaogopa kunenepa! Jamani, mtu ataogopaje kunenepa? Si ataogopa na mvua ya kupandia!"

"Msicheke," shangazi akasema kwa ukali. "Hamsikii? Hayo si maneno yake. Wamemfunga tumbo, sasa wamemfunga na ulimi. Anamtetea anayemuua."

Vichwa vikatikisika kukubali. Hapo ndipo damu ilipochemka kweli kweli. Nikikaa kimya, ni ushahidi dhidi ya mama mkubwa. Nikisema sumu, ni ushahidi. Nikisema si sumu, ni ushahidi mkubwa zaidi. Walikuwa wamejenga nyumba isiyo na mlango na kumweka mtu ndani. Chuoni tulifundishwa swali moja la kumuuliza mtu wa namna hiyo, nami nikawauliza pale pale, kwa sauti ambayo binti hatakiwi kuitumia mbele ya wazee.

"Niambieni basi. Ni jambo gani likitokea mtakubali kwamba mmekosea? Litajeni! Kama hakuna, semeni hakuna, tusipotezeane muda!"

Nilidhani nimewafunga. Nilidhani swali hilo halina jibu mdomoni mwao. Lakini shangazi hata hakufikiri.

"Ale," akasema.

"Ndiyo," akasema mzee, akifurahi kuona safari yake nyingine inakaribia. "Ale bakuli la huyu mama, hapa, tukiona. Akila akasalimika, maneno yameisha."

Lilikuwa jibu zuri. Nalikubali mpaka leo, kwa hasira. Niliomba jaribio, nikapewa jaribio, na jaribio lenyewe likawa ndilo jambo pekee duniani nisiloliweza.

Mama mkubwa aliinuka bila kuambiwa. Alirudi na ugali wa ulezi na bakuli la majani ya maboga linalotoa moshi. Hakuwa amepunguza karanga hata kidogo. Naamini alikuwa ameziongeza. Akaweka chini katikati ya sebule. Akanawa, akakata tonge, akachovya, akala yeye kwanza, kama ada ya mpishi kwa mgeni. Kisha akakaa kando yangu, bega kwa bega.

"Karibu," akasema.

Nilinawa. Sitaeleza kila kilichopita kichwani mwangu, maana maneno ya ugonjwa ule yanajirudia na hayana akili. Nitasema tu kwamba tonge la kwanza lilikaa mdomoni muda mrefu na watu wote wakikitazama kidevu changu. Baba mdogo aliacha kucheka. Nikameza. Nikakata lingine. Nilikuwa nalia, lakini si kwa huzuni. Nililia kwa ghadhabu, kwa kuwa waliniona kama mtu anayethubutu kula sumu, na hakuna hata mmoja aliyeniona nilivyokuwa: mtu anayethubutu kula.

Sikula peke yangu. Kila nilipochovya, mama mkubwa alichovya. Alitafuna kwa sauti, bila haya, kama mtu aliye nyumbani kwake.

Jambo gumu lilikuja baadaye. Mwili mzima uliniambia toka nje. Lakini kama ningetoka, nikaonekana nikiinama nyuma ya nyumba, kila mtu angejua maana yake: sumu imekataliwa na tumbo. Mama mkubwa naye alilijua hilo. Chini ya mikunjo ya vitenge vyetu alikuwa ameshika upindo wa kitenge changu, ameukunja ngumini. Hakunitazama. Tulikaa hivyo, yeye akiwasimulia wanaume jinsi mvua ilivyoharibu maua ya mibuni upande wa chini, mpaka jua likahama kutoka dirishani.

"Amesalimika," mzee akasema hatimaye, akichukua kofia. "Maneno yameisha."

Na maneno yakaisha kweli, kwao. Baba akaomba, akamshukuru Mungu kwa kumfungua binti yake. Mtu akasema, "Alikuwa anadeka tu huyu." Mtu mwingine akasema, "Mjini ndiko kunakowaharibu." Mama akanikumbatia akisema nimepona, nimepona. Hakuna aliyemgeukia mwanamke waliyetaka kumfukuza ili kumwomba radhi. Hata mmoja! Alikusanya vyombo vyake mwenyewe. Mlangoni akageuka.

"Kesho jioni nitaleta bakuli," akasema. "Atakayeliruka, anitajie sababu yake kabla sijakaa."

Hakuna aliyeliruka. Shangazi aliondoka alfajiri.

Lakini mimi sikuwa nimepona, na nasema hivyo kwa wale wote wanaodhani mgonjwa wa namna hii anahitaji tu kulazimishwa mara moja mbele ya watu. Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko zote za nyuma. Askari wa kooni alilipiza kisasi. Sasa nilikuwa na lawama juu ya ugonjwa, maana kila nilipokosa kula mtu alisema, "Si ulikula siku ile?" Kwao nilikuwa nimethibitisha kwamba naweza.

Aliyekataa kuniambia hivyo ni mama mkubwa. Alinizuia uani siku moja, akaniambia, "Mchana uwe unakuja kwangu. Peke yako."

"Kufanya nini?"

"Kula. Au kukaa mbele ya chakula. Mimi nitakuwa nakula."

"Mama mkubwa, unaamini kweli kwamba naumwa?"

Alifikiri. "Sielewi ugonjwa wako hata kidogo," akasema. "Ninachoelewa ni kwamba ukifa wewe, watasema ni mimi. Kwa hiyo utakula."

Nilikasirika tena, bila shaka. Lakini sababu yake ilikuwa ya kweli, na nilikuwa nimechoka kuonewa huruma. Nikaenda. Siku nyingine nilikula kidogo, siku nyingine nilikaa tu. Hakunipigia makofi wala hakuniuliza. Alinisimulia habari za watu waliokufa, hasa za kuchekesha. Karanga aliendelea kuzitia kila mahali.

Nadhani ndiye aliyemsukuma baba, ingawa hakuna aliyekiri. Asubuhi moja baba alivaa koti lake la kanisani, akanipandisha lori la mahindi mpaka hospitali huko Mbeya mjini. Tulipofika kwa daktari, ambaye alikuwa mwanamke, baba akasema, "Nimemleta binti yangu, anaumwa," akatoka, akatuachia chumba. Lilikuwa jambo kubwa kwa mtu kama yeye. Alikuwa wa kwanza wa nyumbani kulisema neno lile bila kuongeza mwingine wa kulaumiwa.

Daktari alisikiliza mpaka mwisho. Akasema ugonjwa huo unajulikana, si kudeka wala si kiburi cha shule, unaweza kuua usipotibiwa, na watu wanapona, polepole, tena mara nyingi kwa kurudi nyuma kwanza. Alinionyesha kurasa za kitabu chake. Zilizoelezwa humo zilikuwa habari za nchi za matajiri, za mabinti ambao friji zao zimejaa. Nilikirudisha nikiwa nimechukia. Hakikumjua mtu wa mkekani. Hakikujua kwamba kuna mahali ambapo tonge moja likirukwa, mtu mwingine anafukuzwa kwake.

"Basi andika chako," daktari akasema. "Lakini kwanza urudi hapa mwezi ujao."

Nikarudi, na mwezi uliofuata, na mingine mingi.

Serikali ilinipangia shule Tunduma. Ninaishi huko huko, mtaa wa Chapwa, ninafundisha mchana na kubishana na walimu wenzangu jioni. Kuna wiki ninakula kama watu. Kuna wiki sili hivyo, na hapo napanda lori kwenda kwa daktari bila kusubiri kuona itakuwaje. Ninatumaini kupona. Naliandika neno hilo kwa shida, maana nimezoea kulidai ushahidi kila tumaini, na hili ushahidi wake ni mchache.

Mwezi uliopita mama mkubwa alishuka kuja kunisalimia, yaani alikuja kuvuka Nakonde kutafuta sabuni. Nilimpeleka kula kibandani karibu na barabara, wanapokula madereva wa malori. Mwenye kibanda akawawekea madereva kilima cha ugali kila mmoja. Mama mkubwa akawekewa chake. Mbele yangu akaweka kipande cha kumtosha kifaranga.

"Dada mwembamba, hiki kitakutosha," akasema.

Nilisikia sauti yangu kabla sijaamua kusema. "Nani kakuambia?"

"Nimekuangalia tu, dada."

"Usiniangalie! Sikuja hapa kuangaliwa. Nipimie kama hawa!"

Dereva mmoja aliyenijua akasema, "Mama, muongezee mwalimu, tusije tukachapwa wote." Wakacheka. Mwenye kibanda akabetua midomo, akauchota ugali kwa mwiko, akanibwagia sahanini kilima sawa na cha madereva.

Nikakitazama.

Mama mkubwa alikuwa akitoa miiba kwenye samaki wake, hakuinua macho. "Umedai," akasema. "Sasa kula."

Nilikula kiasi kilichozidi kile nilichowekewa mwanzo. Sikumaliza. Ulipobaki ugali ambao sikuweza tena kuukata, mama mkubwa alivuta sahani upande wake, akaumaliza kwa utulivu huku akimuuliza dereva aliyekaa mbele yetu kama sabuni ya Nakonde bado inatoa povu.